Debe la Dawa

Kanisia alianza kuchemka mara tu baada ya uji wa asubuhi, na kabla mama yake hajaweka kikombe chini, kabati la dawa lilishajua.

"Mama Kanisia," lilisema kutoka ukutani, "mtoto ana joto. Tafadhali msimamishe kwenye mkeka."

Tekla hakuwa mtu wa kubishana na watu, sembuse kabati. Alimbeba binti yake akamsimamisha kwenye mkeka wa mpira uliotandazwa sakafuni, chini kidogo ya kabati. Mkeka ukampima uzito. Jicho la kabati, dogo kama punje ya mahindi, likamkagua mtoto masikio, koo na macho. Kikatoka kijisindano, kikamdona kidole, kikarudi ndani na tone la damu. Kanisia akalia kwa ile hasira ya mtu aliyeitwa apewe pipi akapewa kofi.

"Si malaria," lilisema kabati. "Ni mafua yenye homa. Uzito wake ni kilo kumi na mbili. Kama anaumwa na kuhangaika, nitatoa dawa. Kama anacheza, si lazima. Tunamtibu mtoto, hatuitibu namba."

Kanisia wakati huo alikuwa ameshasahau kidole, anamvuta paka mkia.

"Anacheza," Tekla alisema.

"Basi mpe maji ya kutosha, na umvue sweta la pili. Mimi nipo."

Hiyo "mimi nipo" ndiyo iliyowafanya watu wa Mihangano waliite kabati Shangazi. Kila nyumba yenye mtoto mdogo ilikuwa na lake, limekomelewa ukutani na Idara ya Afya, na katika nyumba zote lilikuwa na sauti ile ile: sauti ya mwanamke msomi aliyekuja kukaa wiki moja, akakaa mwaka. Halikulala, halikusahau, na halikutoka hata kwenda msibani. Dawa zote za mtoto zilikaa tumboni mwake. Ukitaka, unaomba. Likikubali, linakutolea bomba dogo la kupimia, lisilo na ncha, lililokwisha kujazwa dawa kwa kadiri ya kilo za mtoto, kisha linahesabu lenyewe saa mpaka zamu nyingine. Likikataa, huna la kufanya, maana bati lake lilikuwa la aina ile wanayotengenezea vyombo vya kwenda mwezini.

Tena lilikuwa na sikio, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Zamani, kabla ya makabati, mtoto akipata homa kila aliyempenda alimpa dawa. Mama alimpa alfajiri, bibi akampa asubuhi, shangazi wa kweli akampa mchana, baba akarudi kazini naye akampa, na hakuna aliyemwambia mwenzake, kwa sababu kila mmoja alijiona yeye ndiye mwenye uchungu peke yake. Watoto wakaharibika maini kwa kupendwa. Ndipo Idara ikaamuru kwamba neno lolote litakalosemwa mbele ya kabati, kuhusu dawa aliyopewa mtoto, lihesabiwe kuwa ushahidi.

Waliotunga amri ile walikuwa watu wa akili nyingi. Ila nadhani hapakuwa na hata mmoja kati yao aliyekuwa na mtani.

*

"Kamwene, nyumba ya watumwa wangu."

Aliyeingia bila kubisha, na salamu ya kwao, alikuwa Mama Muyinga, Mhehe wa nyumba ya pili, mjane mnene mwenye kikapu ambacho hakukiweka chini hata kanisani, na kilemba cha njano alichokuwa akikivua mbele ya watu kwa jambo moja tu: kusema la kweli. Katika nyumba ya Tekla, ambaye ni Mngoni, alikuwa amekivua mara moja maishani, siku Kanisia alipozaliwa na kitovu kimemzunguka shingo. Siku nyingine zote kilemba kilikaa kichwani na ukweli ukakaa huko huko.

Wahehe na Wangoni ni watani tangu vita vya mababu, vita ambavyo kila upande unasema ulishinda wenyewe. Na mtani ana haki zake. Anaweza kuchukua sufuria lako jikoni ukimtazama. Anaweza kuja kwenye msiba wako akalala kwenye kitanda cha marehemu na kuomba chai. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

"Nimesikia Mngoni mdogo anakufa," alisema Mama Muyinga akijishusha kwenye kiti. "Nimekuja kuchukua blanketi mapema, ndugu hawajafika."

"Blanketi lenyewe kalikojolea," alijibu Tekla.

"Nitalifua. Sisi sabuni tunayo. Nyinyi ya kwenu mliiacha vitani mkikimbia."

"Tulikuwa tunakimbia kuwafuata. Nyinyi ndio mlikuwa mbele."

Walicheka wote wawili. Kanisia, ambaye sasa alikuwa amemwachia paka mkia wake na kuanza kulialia, alijikokota mpaka kwenye magoti ya mgeni. Tekla akanusa hewa. Maharage yalikuwa yanaungua.

"Nishikie mwanao," alisema, akatoka mbio kwenda jiko la nje.

Akaepua chungu, akakwangua, akaongeza maji, akafukuza jogoo aliyekuwa ameshaweka mguu mmoja kwenye ungo wa unga. Aliporudi ndani alimkuta Kanisia kakaa kimya kwenye mapaja ya Mama Muyinga, analamba midomo.

"Amenyamaza," Tekla alisema. "Umemfanya nini?"

"Nimemnywesha dawa, chupa nzima," alisema Mama Muyinga, akiinuka na kukumbatia kikapu chake. "Mngoni hanyamazi kwa kijiko."

Tekla akacheka. Kabati halikucheka.

"Nimesikia," lilisema. Taa yake ya kijani ikageuka njano, na ndani ya tumbo lake kukalia klak, klak, klak, kama mtu anayefunga milango ya nyumba kubwa. "Mtoto amepewa dawa isiyojulikana, chupa moja. Nimejifunga."

Mama Muyinga aliitazama ile taa, akamtazama Tekla.

"Huyu shangazi yenu kabila gani?" aliuliza, na akaondoka upesi kuliko alivyokuja.

*

Gervas, baba yake Kanisia, alikuwa fundi wa mitambo ya upepo kule mlimani, na sifa yake ilikuwa kwamba hakuna kitu alichoshindwa kutengeneza kwa kukipiga. Kabati ndilo lililompigia simu. Alifika akihema, bisibisi mkononi, roho juu.

"Chupa nzima?" aliuliza mlangoni. "Kampa nani?"

"Mama Muyinga ndiye kasema," Tekla alijibu. Kanisia alikuwa begani kwake, uso wa moto, analia kile kilio cha chini chini kisicho na machozi. Kucheza kulikuwa kumekwisha.

"Mhehe?" Gervas akashusha pumzi. "Si ungeniambia ni Mhehe. Nimeacha mtambo unazunguka peke yake." Akaligeukia kabati, akalainisha sauti kama anayeongea na askari wa barabarani. "Shangazi, ule ulikuwa utani."

"Utani ni kipimo gani?" liliuliza kabati.

"Si kipimo. Ni uongo, ila wa heshima."

"Nimeandika: shahidi ni mwongo wa heshima. Chupa moja."

"Hapana, futa chupa."

"Ushahidi haufutwi. Unaongezwa tu."

Gervas akamtazama mkewe, akatazama bisibisi, kisha akaiingiza kwenye upenyo wa mlango wa kabati na kuegemea kwa uzito wake wote. Kukatoka mlio mwembamba.

"Bisibisi imepinda," lilisema kabati. "Pole, Baba Kanisia."

Kanisia akalia zaidi. Kabati likaunguruma kidogo, kama mtu anayetafuta jambo kwenye mfuko wa ndani.

"Ipo njia moja. Mlezi aweke kiganja chake hapa, aape kwamba tangu asubuhi mtoto hakutoka machoni pake, na kwamba hakupewa dawa yoyote. Akiapa, nitaamini, na nitatoa dawa."

"Haya basi," Gervas alisema. "Imekwisha. Weka mkono, Mama Kanisia."

Tekla hakuweka.

"Nilikuwa jikoni," alisema.

"Kwa muda gani?"

"Mpaka maharage yakaungua."

"Huo si muda, hiyo ni harufu." Gervas akapunguza sauti, ingawa wote walijua Shangazi anasikia hata mchwa. "Mke wangu, mtoto huyu hapa anaumia. Unamjua Mama Muyinga. Tangu lini Mhehe akasema kweli ndani ya nyumba hii? Mwaka jana alisema ameolewa na askofu."

Ilikuwa kweli. Tena alidai mahari arudishiwe na Wangoni.

Tekla alisogea mpaka kwenye kabati. Kibao cha kiganja kilikuwa cha baridi, na kikawaka taratibu kumkaribisha. Kilichohitajika kilikuwa sentensi moja tu. Kama mtoto hakupewa kitu, sentensi ile ingemtuliza, na uongo wenyewe ungekuwa mdogo kama mdudu wa unga. Lakini kama alipewa, basi dawa ingemwagwa juu ya dawa, na mkono uliofungua ungekuwa huu, si wa Mhehe. Na asipoapa, mtoto ataendelea kulia sikioni mwake, na kila kilio kinamwuliza yeye ni mama wa namna gani.

"Naapa," alianza.

"Nakusikiliza," lilisema kabati.

Kanisia akageuza kichwa, akaegesha shavu lake la moto kwenye shavu la mama. Shavu lilinata. Tekla akanusa. Mwanawe alinuka machungwa.

Mihangano ilikuwa katika miezi ya baridi, ile ya umande kugeuka barafu kwenye majani ya chai. Chungwa halioti kwenye baridi ile, na ndani ya nyumba halikuwapo hata moja. Na Tekla alijua, kama ajuavyo kila mzazi, kwamba duniani kuna kitu kimoja tu chenye harufu ya machungwa bila chungwa: dawa ya maji ya watoto.

Akaondoa kiganja.

"Siapi," alisema. "Sikuwepo, sikuona."

"Asante," lilisema kabati, na kibao kikazimika.

Gervas alikaa chini kama gunia. "Sasa tunafanya nini?"

"Nenda kamwite."

"Mtani hafuti neno bila kuku."

"Kuku tunao," alisema Tekla.

*

Mama Muyinga alisimama kizingitini, kikapu kifuani, kilemba kimesimama wima. Hakuingia mpaka alipoambiwa karibu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Naona mmekwama," alisema. "Wangoni bila Mhehe hata kabati haliwafungukii."

"Mama Muyinga," lilisema kabati, "asubuhi ulimpa mtoto dawa kiasi gani?"

Mama Muyinga akawatazama mmoja mmoja, akajikaza kisabuni.

"Ile chupa ilikuwa maneno ya asubuhi," alisema. "Hesabu kamili ni debe."

Gervas akajifunika uso kwa mikono.

"Debe," lilirudia kabati. "Lita ishirini. Mtoto ana kilo kumi na mbili. Hesabu hii sijawahi kukutana nayo. Naita msaada."

Taa ikawa nyekundu. Haikupita dakika nyingi, kukasikika mvumo kama mzinga wa nyuki uliopigwa teke, na juu ya paa kikasimama hewani chombo cha hospitali, cheupe, chenye mapanga sita yanayozunguka. Kuku wote wakaingia uvunguni mwa ghala. Nguo kwenye kamba zikapepea kama zinakimbia. Kutoka tumboni mwa chombo kikaanza kushuka kitanda kidogo, kinaning'inia kwa kamba.

"Mtoto atapelekwa hospitali ya mkoa," lilisema kabati. "Atapitishiwa mpira tumboni kutoa lita ishirini. Mlezi mmoja ajiandae."

"Halina lita ishirini hilo tumbo," Gervas alipiga kelele kuushinda mvumo. "Litazame. Halina hata lita mbili."

"Ndiyo maana nina wasiwasi," lilisema kabati.

Tekla hakupiga kelele. Alikuwa anamtazama Mama Muyinga. Mhehe huyu, kwa desturi, alikuwa wa kwanza kucheka utani wake mwenyewe, na wa mwisho kunyamaza. Leo alikuwa ametoa utani mkubwa kuliko yote aliyowahi kutoa, chombo kimeshuka kutoka angani kwa ajili yake, na hacheki. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kikapu, umekamata kitu.

Tekla akamsogelea mpaka akawa karibu naye kabisa.

"Kuku nitakupa," alisema taratibu. "Yule mwekundu unayemtazamaga. Lakini vua kilemba."

Mama Muyinga alimtazama Kanisia. Alikitazama kile kitanda kinachoshuka, na mikanda yake midogo ya kumfungia mtoto. Kisha akainua mkono wa kushoto akakivuta kilemba, na chini yake zikaonekana nywele fupi za kijivu, chache kuliko ambavyo mtu angedhani.

Mkono wa kulia ukatoka kwenye kikapu na chupa ya dawa ya maji, na kijiko kirefu cha supu.

"Kijiko kimoja," alisema. Sauti yake bila kilemba ilikuwa ndogo. "Hiki hapa. Ni dawa ya mafua ya mjukuu wangu wa darasa la pili, mama yake alinunua ng'ambo ya ziwa, kule kusiko na makabati. Mtoto alikuwa ananililia, Tekla. Wewe uko jikoni, na hili limekaa ukutani linasema mpeni maji. Roho ikanishinda."

"Si ungesema kijiko," alisema Gervas.

"Ningesema kijiko mngejua ni kweli." Akajifuta pua kwa kilemba. "Nikasema chupa, mcheke, lipite. Halikupita. Nikasema debe."

"Naomba kuiona chupa," lilisema kabati, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya ukarani. Mama Muyinga akainyanyua mbele ya jicho, kwa mikono miwili, kama anayeonyesha kitambulisho. "Dawa ya mafua. Ndani yake mna parasetamoli. Ni ile ile niliyo nayo mimi ya kushusha homa. Majina ya nje ni mawili, dawa ni moja. Sasa nionyeshe kijiko. Hicho ni cha supu. Mtoto amepata karibu mara mbili ya kipimo chake."

Tekla akamkaza Kanisia begani.

"Haijafika pa kuumiza ini," liliendelea kabati. "Nimemweleza daktari wa zamu, naye anasema hivyo. Lakini kama ningetoa ya kwangu juu ya hiyo, na jioni mama huyu akarudi na kijiko chake kwa huruma, na kesho tena... Dawa za mafua za dukani hazimfai kabisa mtoto wa umri huu. Leo hapewi nyingine mpaka nitakaposema mimi. Mpeni maji kidogo kidogo. Akikataa kunywa, akilegea asiamke vizuri, akitapika mfululizo, akipumua kwa shida, au macho yakiwa ya njano, semeni, na kitanda kitarudi."

Kamba ikaanza kuvutwa juu. Chombo kikazunguka, kikaondoka na shuka moja la Gervas lililonasa kwenye kitanda, likapepea juu ya mashamba ya chai mpaka likawa nukta.

*

Kijiko kilikuwa kimeshaanza kazi yake. Maharage yalipoiva, Kanisia alikuwa anatoka jasho kwenye paji la uso, na yalipopakuliwa alikuwa amelala mapajani mwa Mama Muyinga, mdomo wazi. Tekla alitoka nje akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu. Kiganja cha kulia alikinawa mara mbili.

"Lipo jambo moja," lilisema kabati, taa yake imerudi kijani. "Nimeshawaambia ushahidi haufutwi. Kwenye kumbukumbu za mtoto pamebaki kijiko, chupa na debe. Nimeongeza maelezo kwamba debe ni la heshima. Lakini kila muuguzi atakayemtibu atalisoma, mpaka awe mtu mzima."

Mama Muyinga aliinua kichwa. Akachukua kilemba, akakikunguta, akakifunga taratibu, akakikaza nyuma.

"Basi historia imeandikwa," alisema. "Mngoni mmoja amewahi kumaliza kitu alichoanza. Kuku wangu yuko wapi?"

Tekla akamtoa yule mwekundu uvunguni mwa ghala, akamfunga miguu, akamleta. Lakini Mhehe aliponyoosha mkono, hakumwachia.

"Kijiko na chupa vinabaki hapa," alisema.

"Hiyo ni biashara ya kivita."

"Ndiyo. Na safari hii tumeshinda sisi."

Mama Muyinga akavitoa. Chupa iliingia kwenye droo ya kabati, ikalia klak. Kijiko Tekla alikiosha, na tangu siku hiyo kilikuwa cha supu, kazi kiliyozaliwa nayo.

Kuku naye alitagia nyumba ya pili vizuri tu. Kila wiki Mama Muyinga alileta mayai mawili, akisema ni kodi ya watumwa, na kila alipofika, kabla hajasalimia mtu, alikwenda kwanza kusimama mbele ya Shangazi. Akavua kilemba. Akafungua kikapu, jicho la kabati lichungulie mpaka chini.

"Leo sijampa kitu," alisema.

"Nimesikia," lilijibu kabati.

Hapo ndipo alipokifunga tena kilemba, akakikaza, akawageukia wenye nyumba.

"Haya, watumwa wangu. Leo anakufa nani?"